Kata Tatu za Nyamizi

Kale inapita! Semeni, "Ipite tuione!" Kwa nguvu, msijibu kama watu waliokula jana. Nawe Masele, shusha hicho kijiti unachomlengea mwenzako. Nimesema shusha! Kaa hapa mbele, kisa cha leo ni chako.

Palikuwa na palikuwa, wajukuu zangu, enzi nzige walipokuwa wakipiga hodi kabla ya kuingia shambani. Palikuwa na nchi ya Ilomero, na kila mtu wa Ilomero alikuwa na kata yake, nusu ya kibuyu, ya kunywea uji. Ukizaliwa, unakatiwa kata, inatundikwa ukutani. Ukifa, mama yako anaivunja kizingitini, kwaa! Majirani wakisikia wanakuja kulia naye. Aliyevunjiwa kata ni maiti. Haitwi jina tena, hali chakula tena ndani ya nyumba ile, wala hakatiwi kata nyingine. Lishikeni hilo.

Na palikuwa na Mtemi Igulwa. Huyo alialikwa harusini ng'ambo ya mto, akakuta vigoda vimekwisha, akakalishwa mkekani. Akarudi amevimba, akapiga ngoma ya vita. Kigoda, watoto! Mtu na akili zake alituma vijana wakaue wakwe zao na wajomba zao kwa ajili ya kigoda. Hata leo nikimkumbuka natamani nimchape.

Vijana wakaenda, wakafa. Leo kwaa, kesho kwaa, keshokutwa kwaa, kwaa, kwaa. Mlio ukamfikia mtemi barazani kwake, akaona watu watakata tamaa. Akamtuma mwanangwa, msimamizi wake wa vijiji, akatangaze: "Marufuku kuvunja kata mpaka tushinde! Atakayevunja ni adui!"

Mnaona? Alikataza kilio, hakukataza kifo.

Sasa njooni kwa Nyamizi, mjane mwenye wana watatu. Kapera alifia mtoni. Lugenge akafa siku ya pili yake, alipokwenda kuutafuta mwili wa kaka yake. Kata zao zikabaki ukutani zikila vumbi, na mama yao akilia ndani kwa ndani. Alibakiwa na Shigela, kitinda mimba, ambaye alikuwa akilima naye mtama.

Asubuhi moja mwanangwa akaja na askari wawili. Hata salamu hakungoja, akachungulia ukutani.

"Mama Kapera, amri imetoka. Nyumba yenye kata ya mwanamume itoe mtu. Wewe una wanaume watatu."

"Nina mmoja, baba. Wawili wamekufa. Wewe mwenyewe uliniletea mkuki wa Lugenge!"

"Mimi naona kata tatu. Kata haijavunjwa, mtu yu hai. Si ndiyo mila yetu?"

"Mlinikataza kuvunja!"

"Basi ni wazima. Shigela, toka twende."

Mmewahi kusikia wizi wa namna hiyo? Nyamizi akageukia ukuta. Alitungua kata ya Kapera, akaipiga kizingitini, kwaa! Akatungua ya Lugenge, kwaa!

Mwanangwa akacheka. "Haya, imebaki moja. Hiyo inanitosha."

Mama akamtazama Shigela. Shigela akatikisa kichwa: usifanye, mama. Lakini mama akaitungua kata yake, akaishika kwa mikono miwili, akaivunja.

"Nimezika wote watatu," akasema. "Mchukue maiti umpeleke vitani."

Askari wakarudi nyuma. "Hatuendi vitani na maiti," wakasema. Na mwanangwa, aliyeitaja mila mwenyewe, akaondoka mikono mitupu.

Jirani akasikia, akavunja. Wa pili akavunja. Kijiji kizima kwaa, Ilomero yote kwaa, kata za walio hai na za waliokufa, mpaka mlio ukafika mtoni kwenye vita. Vijana wakajua wameshazikwa na mama zao. Wakaangusha mikuki. Igulwa akabaki na ngoma yake, aipige mwenyewe aicheze mwenyewe.

Mnapiga makofi? Acheni! Acheni kabisa, sijamaliza.

Shigela hakuitwa tena jina na mama yake. Kila siku Nyamizi alisonga ugali, akauweka kwenye jani juu ya jiwe la uani, akasema kwa sauti, "Wa ndege huu." Kisha akageuza uso, na mwanawe akaja akala. Miaka ishirini, watoto, mama na mwana, uani hapo hapo.

Huyo Shigela ndiye babu yangu. Nikiwa mdogo kama wewe Masele, nilimwona akinywa uji kwenye jani, unamvuja mpaka viwikoni. Nikamcheka. Nikamuuliza, "Babu, wewe huna kata?"

Akasema, "Nilikuwa nayo. Mama aliivunja ili niishi."

Kwa hiyo akija mtu kuwapigia ngoma, muulizeni kwanza ni kigoda gani alichokosa. Mkubwa akikosa pa kukaa, mdogo ndiye anayelazwa kaburini.

Kisa changu kimefika kizingitini. Kikiwa kitamu, gawaneni. Kikiwa kichungu, kimezeni hivyo hivyo. Masele, lete hicho kijiti nikakitie jikoni.