Kisima cha Ubatizo Kisicho na Jina

"Kina cha jiwe si cha mkono mmoja."

Nimesema hivyo tu, na nyote mmeacha kupiga deki mnanitazama kana kwamba nimetega kitendawili. Ladislaus ndiye aliyenichokoza. Vijana mmeleta mabenchi mapya, Mungu awabariki, na sasa yeye anataka kila benchi lichongwe jina la aliyelitoa, na lake liwe mbele kabisa. Haya, wekeni ndoo chini mkae. Chanzo cha usemi huu kimo humuhumu kanisani, na mimi nilisimuliwa na mama yangu mzazi.

Mapadri wa kwanza walipofika hapa Kaluwe walikuta kilima kitupu na upepo. Matofali haya yalichomwa kule bondeni, na watu wakayapandisha vichwani, wanaume kwa wanawake, hata wasiojua bado kufanya ishara ya msalaba. Nimeingia makanisa makubwa kuliko hili. Lakini asubuhi jua likipita kwenye vioo vile vya buluu na kuangukia altare, mimi mzee mzima nasimama na ufagio wangu nikiwashukuru watu wale.

Vyombo vya ndani vilitoka kwa wafadhili wa Ulaya, na kila kimoja kilikuja na jina. Kengele ina jina la mjane aliyeitoa. Vioo vina jina la ukoo fulani. Hata monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, ukiigeuza, utasoma jina chini yake.

Kilichokosekana kilikuwa kisima cha ubatizo. Kilitumwa cha marumaru, kikavuka bahari salama, kikapanda treni salama, kisha mkokoteni wa ng'ombe ukapinduka kwenye mlima huu wa mwisho kikawa vigae. Kwaresima ilikuwa imeshaanza na wakatekumeni, wale wanaofundishwa dini, wanaingojea Pasaka wabatizwe. Bruda Amadeo, fundi wa misheni, akajaribu kuchonga kingine kwa mawe ya hapa. La kwanza likapasuka, na la pili pia. Mtasema, si wangebatizwa kwa beseni? Wangebatizwa, maji ni maji. Lakini watu waliobeba kanisa zima vichwani hawakutaka watoto wao wapokewe kwa beseni la kufulia.

Ndipo mtu mmoja akasema, "Kwa Nakazwe kuna jiwe."

Nakazwe alikuwa mjane, hajabatizwa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko huu wangu. Jiwe lake la kusagia ulezi halikuwa na mfano bonde zima. Lilikuwa limesagiwa miaka na miaka hata katikati pakawa na shimo la mviringo, lenye kina cha kutosha kushika maji. Mama mkwe alimwachia mke wa mwanawe, naye akamwachia wa mwanawe. Na majirani wenye mawe mabaya walisagia hapohapo.

Padri Anselmi akaenda kuliomba. Nakazwe akampa kigoda, akampa togwa, kisha akamkatalia.

"Baba, jiwe hili nilipewa nisage, sikupewa nigawe. Nikilitoa, mkwe wangu nitamwachia nini? Vumbi la unga?"

Mkwe huyo ni Yustina, mmoja wa wakatekumeni, na mgongoni alikuwa na mtoto ambaye ndiye mama yangu. Padri hakubishana, akaaga. Lakini Nakazwe hakupata raha. Aliogopa kuwa mtu wa kwanza katika ukoo kuukata mnyororo wa mikono iliyokuwa ikipokezana jiwe lile, na aliogopa pia kumnyima mjukuu wake kisima cha kubatiziwa. Baadaye akawaita wanawake wote waliosagia pale, akawaambia waseme. Wote wakamgeukia Yustina.

"Mama," Yustina akasema, "likibaki hapa litakuwa langu, na nimelingoja tangu nilipoolewa, sikufichi. Likienda kule, litarithiwa na mtoto wa kila aliyekaa hapa."

Nakazwe akalia mbele yao bila kujificha. Kisha akafuta macho na kuleta ulezi. Walisaga kwa zamu kwa mara ya mwisho, wakiimba nyimbo zao za kusagia, wakala ugali wa unga ule. Wanaume walipokuja na miti ya kulibebea, akatoa sharti moja tu: patasi isiliguse.

Bruda akalijengea nguzo ya matofali, akaliweka juu. Pasaka ilipokaribia, Padri akamwita Nakazwe aje kuona. Bruda alikuwa amepiga magoti na patasi mkononi.

"Bibi, najua ulikataza," Padri akasema. "Lakini kila zawadi humu ina jina. Turuhusu tuandike lako, hapa ubavuni tu. Watu wajue nani alilitoa."

Nakazwe akaweka kiganja chake mahali patasi ilipokuwa imeelekezwa.

"Mimi nimetoa jiwe. Hilo shimo mnalowekea maji nimelitoa mimi?"

Padri akainama kulitazama shimo lile.

"Haya, andika," akamwambia Bruda. "Andika Nambeye, mama mkwe wangu, aliyesaga hapa akiwa na mimba mpaka siku ya uchungu. Andika Namfukwe, mama mkwe wake. Andika majirani wote. Nyuma ya Namfukwe kulikuwa na mwanamke aliyetoka ng'ambo ya mto. Jina lake hatulijui. Lakini alisaga. Huyo utamwandikaje?"

Bruda akashusha patasi.

"Niache basi, baba. Kina cha jiwe si cha mkono mmoja."

Siku ya Pasaka mama yangu alibatizwa wa kwanza. Nakazwe alisimama pale mlangoni, akatazama maji yakituama mahali ulezi ulipokuwa ukikaa, na wanawake waliokuwa karibu naye wakamsikia akiwaita mmoja mmoja kwa majina wale waliokufa.

Nendeni mkakione kisima chenyewe. Tieni mkono ndani ya maji, mpitishe vidole chini kabisa. Ni laini pande zote, na hakuna chuma kilichopita pale. Nakazwe yumo, na Nambeye, na Namfukwe, na yule wa ng'ambo ya mto. Kina cha jiwe si cha mkono mmoja.