Theluthi ya Maji ya Ndiva

Ukipewa theluthi, uliza ya nini. Mlinisikia nikimwambia hivyo fundi asubuhi, mkacheka, na sasa mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Haya, kaeni, na huyo mwenye simu aiweke chini. Methali hii ilizaliwa kwetu Upare, na aliyeisema mara ya kwanza wala hakujua kama anatunga methali.

Kwetu maji ya kijito hukusanywa kwenye ndiva, bwawa lililojengwa kwa mawe, kisha hufunguliwa kwa zamu. Ndiva yetu ilinywesha mashamba matatu. Msimamizi wake, Mzee Mbonea, alisimamisha majini fimbo yenye mikato kumi na miwili, akapima yanavyoshuka. Shamba la juu lilipata robo, la kati theluthi, na la chini, lililokuwa kubwa kuliko yote, masalio. Kila mtu aliimba hivyo hivyo: robo, theluthi, masalio. La kati lilikuwa la Mzee Mbonea mwenyewe. La chini lilikuwa la Nashiva, mjane mwenye binti mmoja.

Kila msimu mistari ya mwisho ya maharage ya Nashiva ilikauka. Watu wakasema ni mvivu, mifereji yake inavuja. Yaliuma maneno hayo, maana jogoo walikuwa wakimkuta ameshika jembe. Mwaka ule wakwe zake wakamwambia wazi kwamba maharage yakikauka tena, shamba watamnyang'anya wampe mwenye nguvu.

Basi siku moja binti yake, Nakiete, akarudi kutoka shule na hesabu ya kufanyia nyumbani. Bwawa limejaa maji. Shamba la kwanza likachukua robo. La pili likachukua theluthi ya maji yaliyobaki. La tatu lilipata sehemu gani?

Nashiva akajumlisha robo na theluthi, akatoa, akapata sehemu tano kati ya kumi na mbili. Shemeji yake, aliyewahi kuwa karani wa ushirika, akavaa miwani, naye akapata tano. Mwenye duka, anayejisifu kwa hesabu za kichwa, tano vilevile. Watu wazima watatu na jibu moja, nani angebisha? Kesho yake daftari likarudi na alama ya kosa kwa wino mwekundu, na chini yake mwalimu ameandika kwamba jibu ni nusu.

"Nusu ameitoa wapi?" Nashiva akauliza, huku akichambua maharage.

"Mama, hamkusoma 'yaliyobaki.' Mwalimu alimuuliza bibi kikongwe wa kule juu jinsi wazee walivyogawa maji ya ndiva zamani. Ndipo akatunga hesabu."

Mikono ya Nashiva ikasimama. Hasira ikampanda. Lakini Mzee Mbonea alikuwa rika la baba yake, na kwetu mkubwa haitwi mwizi na mtoto. Akajifunga kanga, akachukua daftari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Za nyumbani?"

"Nzuri. Ila hesabu ya mtoto imetushinda. Nikasema wewe unayegawa kila wiki haitakushinda."

Mzee akafurahi. Akamwaga punje kumi na mbili za mahindi kwenye ungo, akasomewa hesabu. Akatoa tatu. Kisha vidole vyake vikachota nne bila hata kutazama, kwa mazoea.

"Baba," Nashiva akasema taratibu, "hiyo theluthi ni ya nini?"

"Ya kumi na mbili. Ya nini tena?"

"Kumi na mbili ziko wapi? Hapo zilikuwa zimebaki tisa."

Mzee akazirudisha zile nne. Akahesabu tisa, akatenga tatu, zikabaki sita. Akahesabu tena.

"Hii ni ndiva yetu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Marehemu baba alinirithisha fimbo na maneno matatu. Sikumuuliza kitu. Kila zamu nimekunywa mkato wako mmoja, miaka kumi na minane." Akausukuma ungo kando. "Na mvivu nilikuita mimi kwanza."

Njiani Nashiva alikuwa amejiandalia maneno makali, lakini alipomwona mzee amejishika kichwa, yalimwisha. Alisema tu, "Zamu ni keshokutwa, baba."

Siku ya zamu, maji yalipokuwa yakiingia shamba la kati, Mzee Mbonea akasimama kufunga kwenye mkato wake wa tatu. Mkewe akamzuia mbele ya watu wote, wakwe wa Nashiva wakiwemo.

"Bado mmoja, baba Elinisa. Sisi wetu ni theluthi."

"Ukipewa theluthi, uliza ya nini," mzee akajibu, akafunga. Kisha akawaeleza wote kosa lake, bila kuficha hata mkato.

Nashiva hakusubiri amalize. Alikimbia kandokando ya mfereji, maji yakiteremka mbele yake, mpaka mstari wa mwisho, ule ambao haujawahi kulowa. Akapiga magoti kwenye tope, akalia mpaka akachoka. Wakwe zake walimkuta hapo, wakasimama wakitazama maharage yakinywa. Habari ya kumnyang'anya shamba haikutajwa tena.

Kwa hiyo yule fundi aliponiambia atanipunguzia theluthi, sikukasirika wala sikushangilia. Ukipewa theluthi, uliza ya nini.