Kitambaa Kilichogeuka Zambarau

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, palikuwa na mama aitwaye Nanjala, mpikaji wa sukari guru. Siku moja maji ya miwa yaliyokuwa yakichemka yalimmwagikia mkononi. Akakimbizwa zahanati.

Huko alimkuta Daktari Barasa, mtafiti kutoka mjini, aliyebuni kitambaa cha kufungia vidonda. Nyuzi zake zilikuwa nyembamba kuliko utando wa buibui, na ndani yake mlikuwa na dawa ya kuua vijidudu. Vijidudu vikiishinda dawa, kitambaa cheupe hugeuka zambarau. Nanjala akakubali kijaribiwe kwake. Maana ya rangi hakuambiwa. Barasa akarudi mjini.

Kitambaa kikaanza kugeuka. Nanjala akamwonyesha Makokha, mwenye kiwanda cha sukari guru alikofanya kazi. Makokha akamwambia avae shati la mikono mirefu, wanunuzi wasije wakaona kinyaa. Ruhusa ya kwenda zahanati angepata msimu ukiisha. Rangi ikakolea. Nanjala akaenda zahanati, mkono ukiwaka moto. Muuguzi, Sista Kerubo, akasema kitambaa kile hakiguswi mpaka mtafiti awepo. Akampa vidonge vya maumivu, akamrudisha nyumbani.

Barasa aliporudi, kidonda kilikuwa kimeoza. Mkono ukakatwa. Na huko mjini Barasa akapongezwa, eti kitambaa kimefanya kazi sawasawa, kimegeuka zambarau!

Jamaa za Nanjala wakawaita wote watatu uani kwake.

Makokha akasema, "Mimi napika sukari, si tabibu. Ningejuaje?"

Kerubo akasema, "Rangi niliijua. Lakini Daktari alinikataza kuisema. Ningefukuzwa kazi, na wagonjwa wangebaki na nani?"

Barasa akasema, "Angeijua maana yake, angekuwa akikifungua kila mara kwa hofu, na jaribio lingeharibika. Kitambaa hiki kitaokoa maelfu."

"Maelfu hao hawana hata majina," Nanjala akajibu. "Mimi ninalo. Kitambaa kilisema kweli mkononi mwangu kutwa kucha. Mmoja alikifunika. Mmoja alikielewa akanyamaza. Mmoja alininyima lugha yake. Pole zenu sizitaki. Semeni nani kanikata mkono."

Wakaanza kunyoosheana vidole, wao wenye mikono miwili.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniambie wote wamekosa. Hilo ndilo jibu la wanaotaka kwenda kulala. Chagueni mmoja. Je, nani alistahili kuubeba shingoni mkono wa Nanjala?