Kodi ya Makaburini

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, alitawala Sultani aliyeitwa Hilali, naye alikuwa na baraza la wazee saba wenye vilemba vikubwa na kazi ndogo. Baraza hilo lilikutana kila Jumatatu, na kila Jumatatu lilikuwa na mambo matatu: la kwanza kodi, la pili ardhi, la tatu huduma za mji. La kwanza walilizungumza kwa bidii, la pili kwa uroho, na kila walipolikaribia la tatu harufu ya pilau ilipenya kutoka jikoni, basi wakaafikiana kwamba huduma zingoje Jumatatu ijayo. Ikawa hivyo miaka kumi na mmoja, tangu Hilali alipomrithi baba yake, na mji ukanuka.

Mtaro mkubwa uliokatiza mjini uliziba, maji machafu yakarudi nyuma yakaingia katika kisima cha mtaa wa mafundi. Waliokunywa wakaharisha, na waliozidiwa wakafa. Mmoja wao alikuwa Mwanakheri, mke wa Mwidani.

Mwidani huyu kazi yake ilikuwa kuzibua mitaro, na tangu baraza lilipoacha kuwalipa watu wa kazi hiyo alikuwa masikini wa kutupwa. Watu walimwita punguani, kwa kuwa akiambiwa neno hulitenda vile vile lilivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Hakubakiwa na kitu duniani isipokuwa kaburi la mkewe, na juu yake kichaka cha mrehani alichokimwagilia kila alasiri huku akimsimulia marehemu habari za mji. Alimpenda alipokuwa hai, na alipokufa hakuona sababu ya kuacha.

Jumatatu moja Waziri Jabu, mtu aliyejua kunusa ardhi ya wenziwe kama paka anavyonusa samaki, alisema kwamba nje kidogo ya mji kuna kiwanja kizuri, tambarare, chenye upepo, nacho kimekaliwa na watu wasiotoa kodi hata siku moja. Sultani akauliza ni watu gani hao wenye kiburi. Waziri akajibu kuwa ni maiti. Sultani alikuwa akitamani mahali pa kukimbizia farasi zake, basi akacheka, na wazee saba wakacheka baada yake, kila mtu kwa cheo chake. Papo hapo ikaandikwa amri kwamba kila maiti alipe reale moja kwa kila dhiraa anayoilalia, kwa kila mwaka, ihesabiwe tangu siku aliyozikwa. Na wasipolipa katika majuma manne, makaburi yafukuliwe na ardhi iwe ya Sultani. Kuba la marehemu baba yake lingebaki katikati, farasi walizunguke.

Mwidani alipata habari hizo. Akaenda mbio hadi ikulu, akapiga magoti mbele ya baraza, akaomba maiti waachwe walale, mkewe akiwa mmoja wao. Wazee walimtazama miguu yake yenye tope wakavuta kanzu zao kando.

Sultani akasema, "Mtu asije akasema nimewadhulumu maiti. Wewe punguani ndiwe utakayekuwa mtoza kodi wao. Nenda ukawatoze. Majuma manne yakiisha ukija mikono mitupu, jembe la kwanza utalipiga wewe, na kaburi la kwanza litakuwa la mkeo."

Baraza zima likacheka tena. Mwidani alihisi machozi yakimpanda, akayameza, kwa maana hakutaka kuwapa na hayo pia.

Akasema, "Maulana, nimesikia na kutii. Lakini mimi ni mtu duni, nani ataniheshimu? Naomba amri yenye muhuri wako, isemayo kwamba niwatoze maiti wote bila kubagua, kwa sheria, nianze na mwenye ardhi kubwa. Na yeyote atakayenizuia, awe mkubwa awe mdogo, ni mwasi."

Waziri akaona huo ni mzaha mtamu, akaiandika mwenyewe, na Sultani akapiga muhuri bila kusoma.

Basi Mwidani akachukua kamba, akaenda makaburini, akawa anapima. Watu waliopita walimzomea, wengine wakamtukana kwa kuwa kibaraka wa Sultani, naye akazidi kupima. Alipokwisha kupima akaenda kwa Kadhi Muhidini, mzee mkali aliyeteka maji katika kisima kile kile cha mtaa wa mafundi, akamuuliza jambo moja tu: maiti akiwa na deni, mali aliyoiacha ifanywe nini?

Kadhi akamjibu kwamba hilo hata mtoto wa chuoni analijua. Deni la maiti hulipwa kwanza, na mrithi hagusi kitu mpaka liishe. Na kama mirathi imekwisha kugawanywa, irudishwe. Na maiti asiyeacha kitu hana cha kutozwa, wala jirani yake haulizwi. Kisha Kadhi akaiona ile amri yenye muhuri, akaisoma mara mbili, ndevu zikamtikisika. Akaomba wino, akaiandika hukumu yake.

Majuma manne yalipoisha ilikuwa Jumatatu. Mwidani akaingia barazani, na nyuma yake Kadhi, na nyuma ya Kadhi umati uliojaa mpaka uani. Jembe lilikuwa limekwisha kuegemezwa mlangoni, likimngoja.

Sultani akauliza, "Umekusanya nini, ewe mtoza kodi?"

"Maulana, maiti wako ni watu wa kufa na chungu na mkeka. Kadhi amewafutia, maana hawakuacha kitu. Yuko mmoja tu aliyeacha mali, naye ndiye mwenye ardhi kubwa kuliko wote. Kuba lake na ua wake ni dhiraa sitini kwa sitini, na ana miaka kumi na mmoja humo. Deni lake ni reale elfu thelathini na tisa na mia sita."

Wazee wakatazama chini.

Mwidani akaendelea kwa upole, "Ikulu hii ni mali yake, na farasi, na pete iliyo kidoleni mwako. Mirathi haijawa halali mpaka deni liishe. Naomba uinuke, bwana wangu. Hata kiti hicho bado ni cha marehemu."

Sultani akamgeukia Kadhi, na Kadhi akainamisha kichwa kukubali. Akawageukia askari, na askari wakautazama muhuri wake mwenyewe. Hazina haikuwa na hata nusu ya fedha ile, kwa kuwa baraza lilikuwa limekwisha kuila. Basi Hilali akainuka, na wazee saba, ambao viti vyao vilitoka katika nyumba ya marehemu yule yule, wakainuka pia, vilemba vikiwakaa upande. Watu uani wakacheka, na safari hii hawakungoja cheo.

Waziri akasema kwa sauti ya mtu mwenye homa kwamba labda maiti hawadaiwi kodi kabisa. Sultani akazinyakua amri zote mbili, ya kodi na ya mtoza kodi, akazichana vipande mbele ya watu wote. Kisha akajitahidi kucheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole, akamwambia Mwidani ataje zawadi.

"Sitaki mali, Maulana. Nataka baraza lizungumze lile jambo la tatu, sasa hivi, wazee wakiwa wamesimama hivyo hivyo, na asikae mtu mpaka liishe."

Harufu ya pilau ikapenya kutoka jikoni, ikazunguka, ikapoa. Wazee walisimama mpaka adhuhuri ikapita, na kwa mara ya kwanza katika utawala ule ikaamuliwa kwamba mtaro uzibuliwe, kisima kisafishwe, na wazibua mitaro walipwe ujira wao.

Alasiri Mwidani akaenda makaburini na kata ya maji, akaketi penye mrehani wake.

Akasema, "Mwanakheri, leo wamelifikia la tatu. Laiti wangelianza nalo."

Akalia pale, hakuona haya. Alipokwisha akamwagilia mrehani, akalichukua lile jembe alilotoka nalo ikulu, akateremka kwenda mtaroni.