Mtamba wa Nadhiri ya Mbonea

Mnataka hadithi, na maharage yangu atayapukuchua nani? Haya, kila mtu avute ungo, mikono ifanye kazi masikio yakisikiliza. Na nikimaliza msiniulize jibu. Mtalitoa ninyi mliosoma.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi, simu zilishafika milimani Upare lakini maji bado yalikuwa ya zamu, palikuwa na Mbonea na mkewe Nakijwa. Maji yao yalitoka ndiva, bwawa la kijiji lililoko juu kilimani. Tope likijaa bwawani, pembe hupigwa, na kila nyumba hutoa mtu mmoja kwenda msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kulizoa. Nyumba isiyotoa mtu haipati maji.

Mbonea akaugua moyo. Akipanda hatua ishirini, kifua kinambana kama amekaliwa na jiwe la kusagia. Dada yake, Nakunda, akamburuta hadi hospitali kubwa ya mjini. Daktari akasema mshipa wa moyo umeziba. Atapitisha waya mwembamba mkononi mpaka moyoni, aupanue, aache humo kibomba kidogo usizibe tena.

Pale kitandani, hofu ikamfungua mdomo. Akaapa mbele ya dada na mke: "Siku nitakayopanda hadi ndiva bila kusimama, yule ng'ombe wangu mtamba mwenye doa usoni ni wa aliyeniponya."

Waya ukapitishwa, wakarudi. Nakunda akawa analeta dawa na kusimama mlangoni mpaka kidonge kishuke kooni. Nakijwa akapunguza chumvi, akamtembeza: leo mpaka migombani, kesho mpaka kanisani, keshokutwa mpaka kwa muuza mafuta ya taa. Na pembe ikilia, Nakijwa ndiye aliyekwenda kuzoa tope badala yake.

Miezi mitatu ikapita. Pembe inalia, Mbonea anashika kifua.

"Bado kinabana, Mama Elinazi."

"Wapi, Baba Elinazi?"

"Hapa."

Juzi palikuwa kushoto. Leo kulia.

Nakijwa akaanza kuangalia. Mgonjwa wa zamani alilala ameegemea mito mitatu. Huyu analala chali, anakoroma. Mgonjwa wa zamani aliacha ugali. Huyu anakwangua sufuria. Mgonjwa wa zamani aliogopa hata ngazi ya kanisa. Huyu makatambuga yake yana tope jeusi, na tope jeusi liko ndiva tu. Kumbe amepanda peke yake kujijaribu, siku isiyo na pembe.

"Wifi," akamwambia Nakunda, "kaka yako amepona."

"Mbona hasemi?"

"Akisema, mtamba anatoka."

"Basi ni yeye kweli. Utotoni alikuwa akificha ndizi mpaka zinaozea chini ya kitanda."

Msaragambo uliofuata, Nakijwa akamswaga mtamba mpaka ndiva, akamwacha ale majani ukingoni. Nakunda akabaki nyumbani, akaita dirishani: "Kaka, mtamba wako yuko juu ndiva, miguu ya mbele imo topeni."

Mbonea akasahau fimbo. Akasahau kifua. Akapita migomba, akapita kanisa, akampita muuza mafuta, hakusimama. Akatokea juu mbele ya watu hamsini wenye majembe. Mtamba anatafuna, miguu mikavu.

Mzee Kanangira, msimamizi wa maji, akaegemea jembe lake. "Karibu, mgonjwa."

Shauri likaanza palepale. Daktari akapigiwa simu.

"Ng'ombe nitamfuga wapi, ghorofani?" akasema. "Lakini mkiuliza, mshipa niliuzibua mimi. Bila kile kibomba mngempandisha kilima hicho amebebwa."

Nakunda, aliyekuwa amemfuata kaka yake huku akihema, akadakia: "Na kibomba bila dawa? Wewe mwenyewe ulisema akiacha vidonge damu itaganda humohumo. Nilimpeleka mimi, nikammezesha mimi. Meno yake yote nayajua."

Nakijwa hakuweka jembe chini. "Kibomba hakitembei. Kidonge hakizoi tope. Miguu hii niliifundisha kutembea upya mimi, na mgongo ulioinama ni wangu. Tena mtu aliyepona akakataa kupona, bado anaumwa. Ugonjwa huo wa mwisho kautibu nani?"

"Moyo si ni wangu mimi?" akasema Mbonea.

Mzee Kanangira akakata: siku kumi na nane za tope alizochimbiwa na mkewe, Mbonea azichimbe peke yake, Nakijwa ameketi ukingoni anakula muwa. Mtamba afungwe hukohuko juu mpaka mwenyewe ajulikane, na kila asubuhi Mbonea ampandishie mzigo wa majani. Akisimama njiani, ashuke aanze upya.

Tope amelimaliza. Majani bado anapandisha, maana kijiji kizima kimeshindwa kukubaliana. Mtamba ananona, na si wake.

Haya, acheni kuangalia maharage. Daktari, dada, mke: je, nani alistahili yule mtamba? Semeni upesi, Mbonea huyo anapanda tena.