Lita Arobaini na Tatu na Nusu

Ndugu zangu, msisinzie kwanza. Kule India kulikuwa na mhandisi mmoja, mkuu wa kiwanda cha pampu za maji. Alitangaza nafasi moja ya kazi, wakaja vijana mia mbili, kila mmoja na shahada yake ya uhandisi. Mpaka saa nane mchana alikuwa anawakataa tu huku akiguna, "Vyuo vya siku hizi! Wanafundishwa nini hawa?"

Akaingia kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu nyuma, na tangu hapo alikuwa akipelekea watu chakula majumbani kwa pikipiki.

"Umewahi kupima pampu?"

"Ndiyo, bwana. Ya chuoni kwetu ilitoa lita arobaini na tatu na nusu kwa dakika."

Mkuu akauliza, "Ilipowashwa, ilikuwa na mlio gani?"

Kijana akainamisha kichwa. "Sijui, bwana. Ilikuwa mbovu. Majibu tuliyanakili kwenye daftari la waliotutangulia, na wao waliyanakili kwa wenzao."

Mnajua kwa nini mkuu yule alitokwa na jasho? Alisoma chuo hichohicho! Pampu ile ilikuwa mbovu tangu enzi zake. Arobaini na tatu aliitunga yeye, na ile nusu akaiongeza ili mwalimu aamini imepimwa. Alipomaliza akawaachia wadogo zake wa chuoni daftari, wakamshukuru sana.

Je, alisema, "Mwanangu, kosa hili ni langu"? Hakusema. Aliandika "Hafai" harakaharaka, asitazamwe usoni. Na kijana wa watu akasema, "Asante, bwana," akatoka.

Mnamcheka? Nyani haoni kundule. Nani kati yetu hajasema wiki hii kwamba vijana hawajui kitu? Mimi nilisema Jumanne, tena kwa sauti kubwa, na leo naona aibu kusimama mbele yenu. Sisi ndio tuliowaonyesha namna ya kufaulu bila kujua kazi. Siku ya mahafali tukawapigia vigelegele, tukawavika mashada. Sasa wanabisha hodi kuomba kazi, na aliyekaa nyuma ya meza ni nani? Si sisi?

Kesho akija kwako mmoja asiyejua kazi, usimwulize ni chuo gani kilichomharibu. Mwambie ukweli wako wewe, hata kama utakuchoma. Kisha mvutie kiti, umfundishe.