Bubu wa Ushirika wa Lwifwa

Ukimng'oa bubu, wasemaji hunyamaza. Mmeisema sasa hivi, tena mkicheka, halafu mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni chini. Methali hii haikuzaliwa kwa kicheko, ilizaliwa kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Ilianza hivi.

Huko Lwifwa, bonde la chai ambako mvua haijui kupumzika, palikuwa na ushirika wa wakulima, na ofisini kwao kompyuta nane mpya. Simu bondeni hazikushika kitu. Mtandao ulishuka kutoka kwenye antena ya juu ya bati kwa waya mmoja tu. Waya mmoja, kompyuta nane, zitagawanaje? Ruta, kile kifaa cha dukani cha kugawa mtandao, iliunguzwa na radi, na meneja, Bwana Ambakisye, akasema nyingine itanunuliwa. Itanunuliwa, itanunuliwa, mpaka watu wakachoka kuuliza.

Aliyemaliza shida ile ni Tusajigwe, karani, mwanamke wa maneno machache. Aliokota stoo kompyuta kuukuu, akaifungua kwa bisibisi, akaitia kadi ya pili ya mtandao. Waya wa antena ukaingia kwenye kadi moja, na kadi ya pili ikatoa waya wa kwenda kwa zile nane. Ikawa bawabu: kila kilichotoka na kilichoingia kilipita kwake. Kwa kazi hiyo haikuhitaji kioo wala kibodi, basi Tusa akaviondoa, likabaki sanduku linalonguruma pembeni. Watu wakaliita Bubu. Wengine walimwita hivyo hivyo Tusa mwenyewe, akishageuza mgongo. Alisikia. 

Siku moja ikatangazwa kwamba anakuja mgeni rasmi. Mnatujua tukisikia mgeni rasmi! Kuta zikapakwa chokaa, mawe ya njiani yakapakwa chokaa, hata mti uliosimama vibaya ukapakwa chokaa. Vitambaa vya kufuma vikatandazwa juu ya kila kompyuta. Asubuhi ya siku hiyo meneja akamwambia Tusa, "Leo huku nitakaa mimi. Wewe nenda jikoni ukawasaidie akina mama maandazi."

"Meneja, saa tano Bibi Subilaga ana shauri lake."

"Kompyuta si ni kubonyeza tu? Nitambonyezea."

Bibi Subilaga alikuwa mjane. Shemeji yake alimnyang'anya shamba la chai hata kabla matanga hayajaanuliwa. Baraza la ardhi la mjini lilikubali kumsikiliza kwa video kutoka pale ofisini, kwa kuwa miguu yake haikuiweza safari. Mara ya kwanza aliumwa, hakuonekana. Akaambiwa wazi kwamba asipoonekana mara ya pili, shauri linafutwa. Tusa ndiye aliyemwambia, "Bibi, utaonekana." Na mtu wa maneno machache akiahidi, ameahidi.

Tusa akaenda jikoni. Akaukanda ule unga kwa ngumi mpaka wenzake wakamsogea mbali.

Saa nne na nusu akarudi ofisini na sinia la chai. Akakuta kimya. Mgeni rasmi amesimama, mikono nyuma, na meneja anabonyeza huku jasho linamtiririka. Hii haifunguki, ile haifunguki, zote nane. Bibi Subilaga ameketi mbele ya mojawapo na kitenge chake cha kanisani, karatasi za shamba mapajani, anakitazama kioo kisicho na mtu.

"Mjukuu wangu," akamwuliza Tusa, "hawa wa baraza wamenikataa?"

Tusa akaangalia pembeni. Mahali pa Bubu pamewekwa chungu cha maua ya plastiki.

"Bubu yuko wapi?"

"Lile bovu?" meneja akasema. "Nimelitoa nje pamoja na viti vilivyovunjika. Mgeni atuone tunafuga makopo? Hebu achana na hilo, leo mtandao una shida."

"Mtandao hauna shida! Shida ni wewe!"

Sinia likatua mezani kwa kishindo, chai ikamwagika juu ya vitambaa. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti ile.

"Miezi tisa unatuma barua zako, unatazama mpira wako, unaongea na mwanao aliye ng'ambo, yote kwa kupitia lile bovu! Hukuuliza hata siku moja linafanya nini. Umeona halina kioo, ukasema halina kazi. Nami umeniona sina maneno, ukasema sina akili, ukanituma nikakande unga!"

"Tusa! Heshima mbele ya mgeni!"

"Heshima gani? Mama huyu ananyang'anywa shamba mara ya pili kwa ajili ya maua ya plastiki, unaniambia heshima?"

Mgeni rasmi akaangalia viatu vyake. Bibi Subilaga akatikisa kichwa polepole. "Kumbe mmemng'oa bubu," akasema. "Ndiyo maana wasemaji wote wamenyamaza."

Tusa akatoka mbio. Bubu alikuwa amelazwa chini ya mchirizi wa bati, maji yanamtoka tumboni. Kumwasha akiwa amelowa kungemuunguza. Akamfungua pale pale mvuani. Diski, ambamo maagizo yote ya kazi yake yamehifadhiwa, ilikuwa upande wa juu, haikulowa. Kadi zote mbili pia zilikuwa kavu. Akazikumbatia ndani ya kanga na kurudi ndani. Saa tano kasoro robo.

"Basi," meneja akasema, "kesho tutanunua ruta."

Tusa akampita. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya meneja, penye kompyuta nzuri kuliko zote, akavuta kitambaa, akatoa kioo, akafungua ubavu wake kwa bisibisi.

"We! Hiyo ni yangu!"

"Kompyuta ni kompyuta. Haijui kama ni ya meneja."

Hakuna skrubu iliyoanguka. Diski ya Bubu ikaingia, kadi zikaingia, nyaya zikachomekwa. Saa tano ikapita. Saa tano na dakika nne feni ikaanza kunguruma. Watu wakasubiri. Kompyuta ya kwanza ikaamka, ikafuata ya pili, kisha ile ya Bibi Subilaga ikatoa sauti ya karani wa baraza: "Naita kwa mara ya mwisho. Subilaga Mwaisumo yupo?"

"Nipo!" Bibi akapiga kelele, mgeni rasmi akaruka. "Nipo, mheshimiwa! Nipo hapa hapa, sijaenda popote!"

Akasikilizwa mpaka mwisho, na msimu uliofuata alichuma chai yake mwenyewe.

Meneja alibaki amesimama mbele ya meza tupu, kompyuta yake iko pembeni inanguruma bila kioo.

"Sasa mimi nitafanyia kazi wapi?" akauliza.

"Jikoni," Tusa akasema. "Unga umebaki nusu."

Tangu siku hiyo, Lwifwa hakuna anayemdharau mkimya mbele ya watu. Akijaribu, hata mtoto humwambia: angalia wewe, ukimng'oa bubu, wasemaji hunyamaza.